Baridi, mvua na kilomita 180: nibadilishe nguo zote au nitoke nilivyo?

Asalaam aleikum Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Tanga, na kwa sasa naishi Bristol, Uingereza, na mume wangu. Nimejiandikisha triathloni ya Ironman Wales itakayofanyika Septemba pale Tenby: kuogelea baharini kilomita 3.8, baiskeli 180, kisha kukimbia 42.2. Sijawahi kwenda umbali huo. Mazoezi yanakwenda vizuri, maji siyaogopi, miguu inaitika. Kinachoninyima usingizi ni nguo.

Mwezi Mei nilishiriki triathloni ya nusu ya umbali huo, kaskazini mwa Uingereza. Maji yalikuwa nyuzi 14, hewa nyuzi 9, na mvua haikukatika. Nilipotoka majini nilivua suti ya mpira, nikapanda baiskeli na ile nguo ya triathloni ya kipande kimoja isiyo na mikono, juu yake kizibao chepesi cha kuzuia upepo. Miguuni viatu bila soksi, mikononi hakuna kitu. Kufika kilomita ya 30 vidole vilikataa kubonyeza gia, nikawa nabadilisha kwa kiganja. Pakiti ya jeli ya kuongeza nguvu sikuweza kuifungua, kwa hiyo kuanzia hapo sikula. Kwenye mteremko wa kilomita ya 55 nilikuwa navuta breki bila kuhisi kama zimeshika. Kilomita ya 70 mtu wa huduma aliniuliza jina langu, na nikashindwa kulitamka. Wakanipandisha garini.

Kocha wa klabu yetu, ambaye amenifundisha miaka miwili bila kunidai hata senti, anasema tatizo lilikuwa njaa. Kubadilisha nguo zote, kwa maneno yake, ni kutupa dakika 15 bure: "Ukishaanza kukanyaga pedali joto litakuja lenyewe." Mume wangu anasema nivae kila kitu, pamoja na jaketi lake zito la mvua analoendea kazini, na utabiri ukiwa mbaya nijitoe. Mama kwenye simu ndiye ananimaliza kabisa: "Mwanangu, sisi watu wa pwani hatukuumbiwa baridi. Acha."

Lengo langu ni kumaliza ndani ya saa 14. Nikimsikiliza kocha naogopa kurudi kwenye lile gari. Nikimsikiliza mume naogopa kocha ataona nimempuuza, na muda wangu utapotea. Na usiku, nikiwa peke yangu, najiuliza kama mama ndiye mwenye kweli. Nifanyeje?

Binti wa Tanga, Bristol

MSHAURI ANAJIBU

Waaleikum salaam, dada yangu.

Pole kwa siku ile. Kushindwa kutamka jina lako mwenyewe si jambo dogo, na nafurahi waliokuwa barabarani walilitambua upesi. Nikiisoma barua yako naona maswali matatu yamefungwa kwenye furushi moja: uvae nini, umsikilize nani, na je, mwili wako unafaa kwa baridi. Hilo la tatu umeliweka mwisho lakini ndilo linalokutesa, kwa hiyo nitaanza nalo.

Mama anasema kwa mapenzi, na ni kweli kwamba aliyekulia kwenye joto huwa hajazoea. Ila kuzoea na kuumbwa ni mambo mawili. Kumbuka marathoni ya Boston ya mwaka 2018: mvua ya kumwagika, upepo wa usoni, joto nyuzi chache tu juu ya sifuri. Geoffrey Kirui wa Kenya, bingwa wa mwaka uliotangulia, aliongoza hadi kilomita za mwisho, akapitwa na Mjapani Yuki Kawauchi na kumaliza wa pili. Siku hiyo hiyo Galen Rupp, Mmarekani aliyezaliwa na kukulia Portland, Oregon, mji unaojulikana kwa mvua, alijitoa, pamoja na wakimbiaji wengine wengi wa juu kutoka mataifa mbalimbali. Baridi inaangalia ukubwa wa mwili, mafuta chini ya ngozi, maji yaliyo juu ya ngozi, upepo, na chakula kilichomo tumboni. Mwanamke mwembamba hupoteza joto haraka awe wa Tanga au wa Norwei. Ule mshtuko wa pumzi unapoingia kwenye maji baridi nao hupungua sana baada ya kuyaingia mara chache.

Sasa turudi Mei. Bibi zetu walipoza maji kwenye mtungi wa udongo: maji hupenya taratibu, hukauka kwa upepo, na kukauka kwake huchukua joto la yaliyobaki ndani. Wewe siku ile ulikuwa mtungi. Kila gramu ya maji inayokauka kwenye ngozi au nguo yako huondoka na kilojuli 2.4 hivi za joto, na nguo yako ilikuwa imelowa kutoka majini na ikaendelea kulowa kwa mvua. Ongeza upepo: kwa kasi ya kilomita 30 kwa saa, hewa ya nyuzi 10 huhisiwa kama nyuzi 7 kwenye ngozi kavu, na yako haikuwa kavu. Ongeza pia kwamba joto la ndani ya mwili huendelea kushuka kwa muda baada ya kutoka kwenye maji baridi, kwa sababu sehemu za nje za mwili zilizopoa huendelea kuvuta joto kutoka ndani. Ulianza baiskeli ukiwa bado unapoa.

Kocha wako hajakosea kabisa, na ningependa umtendee haki. Ukipanda mwinuko kwa nguvu ya wati 150, mwili huzalisha joto la wati 450 hadi 500 juu ya hizo. Hapo anachosema ni kweli, joto linakuja lenyewe. Lakini kila mwinuko una mteremko wake, na kwenye mteremko hukanyagi, upepo ni wa kilomita 50 au 60 kwa saa, na tanuru limezimwa. Njia ya Tenby ina jumla ya mwinuko wa mita 2,400 hivi, ikiwa na kupanda na kushuka kusikoisha kupitia Narberth na Saundersfoot, na kabla ya hapo kipande cha magharibi kuelekea Angle ambako upepo wa Atlantiki hauna cha kuuzuia.

Na kuhusu njaa: ni kweli kutetemeka hula akiba ya wanga haraka. Ila soma tena ulichoandika. Vidole vilikufa kilomita ya 30, jeli ikakushinda, ndipo ukaacha kula. Je, njaa ilileta baridi, au baridi ya vidole ilileta njaa? Mimi sikuwepo. Lakini mpangilio wa matukio ni wako mwenyewe, na huenda kocha hajausikia kwa mpangilio huo.

Dakika 15 nazo tuzipigie hesabu. Kilomita 180 kwa kasi ya 25 kwa saa ni saa 7 na dakika 12. Kwa kasi ya 24 ni saa 7 na nusu. Mwili uliopoa ukikupunguzia kilomita moja tu kwa saa, zimekwenda dakika 18, na hapo hatujahesabu kusimama kupuliza vidole. Upande wa pili, siku ikiwa na nyuzi 16 na jua, dakika zilizotumika kubadilisha kila kitu hazirudi. Hesabu inageuka kulingana na hali ya hewa, ndiyo maana siwezi kukuambia kwamba kocha au mume ndiye mwenye haki kwa siku zote.

Njia ya kwanza ni ile ya kocha ikiwa imerekebishwa. Unabaki na nguo yako ya triathloni, ila yenye mikono badala ya isiyo na mikono, na kwenye hema la kubadilishia nguo unajifuta kwa taulo, unaongeza kizibao, soksi za mikono (za kufunika mkono kuanzia kifundo kwenda juu), soksi za miguu na glavu. Kwa aliyefanya mazoezi ni dakika nne au tano. Inafaa hewa ikiwa nyuzi 13 kwenda juu na mvua ni ya rasharasha. Hatari yake ni kwamba kifua na tumbo bado vimevaa nguo iliyolowa, na mvua ikizidi huna pa kukimbilia.

Njia ya kati ni kubadilisha juu tu. Chini unaogelea na kaptura ya triathloni, juu unavua kila kitu na kuvaa fulana ya ndani kavu ya sufi laini au poliesta inayobana, kisha shati la baiskeli, kisha jaketi jepesi la mvua lenye mishono iliyozibwa. Miguu inafanya kazi muda wote, ikipewa soksi za magoti huvumilia. Kifua, shingo na mikono ndiyo yanayoamua kama utatetemeka. Mimi naiona njia hii haipewi uzito inaostahili.

Ya tatu ni kubadilisha kila kitu, pamoja na kaptura kavu yenye mto. Ni dakika nane hadi kumi na mbili, na zaidi ikiwa vidole vimekufa tayari. Faida yake huonekana hewa ikiwa chini ya nyuzi 10 na mvua ya moja kwa moja. Hasara, mbali na muda, ni kwamba mvua itailowesha nguo kavu ndani ya saa moja kama hakuna jaketi juu yake, na hapo umelipa gharama bila kupata mali. Badilishia ndani ya hema, maana kukaa uchi nje ya hema kunaweza kukuondoa mashindanoni.

Jaketi la mume wako? Upendo wake nauona. Lakini jaketi la kazini hupepea kama tanga na kukuvuta nyuma, na halipitishi jasho: baada ya mwinuko wa pili utakuwa umelowa kutoka ndani, halafu mteremko unakusubiri. Jaketi la mvua la baiskeli hubana mwili, ni refu nyuma ya kiuno, na lina zipu unayoishusha ukipanda na kuipandisha kabla ya kushuka. Kama fedha zinatosha kitu kimoja kizuri tu, hicho ndicho ningekitazama kwanza, na baada yake glavu.

Glavu na vidole nitavisemea kwa kirefu, kwa sababu ndipo siku yako ya Mei ilipovunjika. Glavu za neoprini za milimita 3 hubaki na joto hata zikilowa. Nunua saizi moja juu ya yako, maana mkono uliolowa hauingii kwenye glavu inayobana, na utapoteza dakika tatu ukigombana na kidole kimoja. Chini yake unaweza kuvaa glavu nyembamba za mpira kama za hospitali. Ukiingia hemani, taulo lianze kwenye mikono na kichwa kabla ya kugusa chochote. Kisha fulana, kisha jaketi, soksi, viatu, halafu helmeti na kifungo chake, na glavu mwisho kabisa, kwa sababu kifungo cha helmeti hakifungiki ukiwa na glavu nene. Panga mfuko wako kinyume cha mfuatano huo, glavu zikae chini na taulo juu. Soksi za mikono zikunje kama pete nyumbani ili uzivishe kifundoni na kuzikunjua kwenda juu. Ukizivuta kama suruali kwenye ngozi yenye maji hazitapanda. Funga kitanzi cha kamba kwenye kila zipu, kipana cha kupitisha kidole chenye glavu. Chakula nacho kitoe kwenye pakiti: jeli sita ukizimimina kwenye chupa moja na maji kidogo, hakuna cha kufungua kwa vidole. Mafuta ya mgando yapake penye msuguano tu, hayaleti joto hata kidogo.

Miguuni, viatu vingi vya triathloni vina matundu chini na mbele ya kupitisha hewa. Yazibe kwa utepe wa plastiki jana yake. Soksi nyembamba ya sufi, mfuko mdogo wa plastiki juu ya vidole, kisha kiatu: haipendezi machoni lakini inafanya kazi. Hakikisha tu kiatu hakibani, maana damu isipopita hakuna soksi itakayosaidia.

Tenby ina jambo lake moja. Ukitoka ufukweni unapanda njia ya zigzagi, unachukua viatu vyako kwenye mfuko, na unakimbia takriban kilomita moja mjini hadi kwenye kituo cha kubadilishia. Wengi huvua suti ya mpira hadi kiunoni mara watokapo majini. Siku ya baridi unaweza kuiacha ikufunike kifua mpaka mlangoni mwa hema: ni nguo yako bora zaidi ya kuzuia upepo asubuhi hiyo, na kukimbia nayo kunakupa joto kabla ya baiskeli.

Kwenye mbio mambo huwa mepesi, kwani kasi ni ndogo na mwili unafanya kazi muda wote. Soksi kavu, fulana kavu, kofia yenye ukingo wa kuzuia mvua machoni, glavu nyembamba. Lakini ukimaliza kwa saa 14 utakuwa barabarani hadi saa tatu usiku, na katikati ya Septemba jua la Tenby huzama saa moja na nusu hivi. Hapo ndipo watu huanza kutembea, na anayetembea amezima jiko huku jasho likiwa bado mwilini. Kizibao kilichokunjwa mfukoni kina thamani kubwa saa hiyo. Mume wako hawezi kukupa nguo njiani, maana msaada wa nje ni kosa, na ukitaka kutupa kitu kitupe kwenye vituo vya huduma tu. Soma mwongozo wa washiriki wa mwaka wako kwa mambo haya, na pia kama soksi za neoprini zinaruhusiwa majini, kwa sababu hutegemea joto la maji.

Kujitoa, ambako mume wako amekutaja, nako ni uamuzi halali wala si aibu. Ila napenda ujiulize kama utaamua kwa utabiri wa simu usiku wa manane au kwa mipaka uliyoiandika mapema ukiwa umetulia. Kwa mfano: juu ya nyuzi hizi njia ya kwanza, chini ya hizi ya kati, mvua ya namna hii ya tatu. Namba nilizokupa ni za kuanzia tu. Zako utazipata kwa kujaribu. Clevedon hapo karibu nawe kuna bwawa la maji ya bahari. Chagua siku mbaya ya Juni au Agosti, maana Uingereza hukosi mvua miezi hiyo, ogelea pamoja na mwenzako, toka, vaa kutoka kwenye mfuko kwa saa ya kuhesabu, kisha endesha saa mbili kwenye milima ya Mendip, mume akiwa na gari karibu. Wiki nyingine rudia kwa njia tofauti. Andika dakika za kuvaa, hali ya vidole kila nusu saa, na ulichokula.

Kipimo cha vidole ni rahisi: gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho cha mkono huo huo. Ikishindikana, simama kwenye kituo kinachofuata, kwa sababu na breki haziko salama tena. Ukianza kumung'unya maneno, au kutetemeka kukikoma bila wewe kupata joto, safari imeisha kwa siku hiyo, na hilo si la kujadiliana na kocha wala na lengo la saa 14.

Na kocha mwenyewe. Unasema unaogopa ataona umempuuza. Mtu aliyekupa miaka miwili ya jioni zake bila malipo, je, ni kweli angependelea dakika zako kuliko wewe? Labda hajawahi kusikia habari ya breki wala ya jina lako. Mpelekee karatasi ya majaribio, umwombe aisome pamoja nawe, na umwambie wazi kilichotokea kilomita baada ya kilomita. Pengine atashikilia msimamo wake, pengine atakuwa wa kwanza kukuonyesha namna ya kubadilisha juu kwa dakika sita. Vyovyote vile, atakuwa anajibu hali yako halisi.

Mama mpigie baada ya jaribio la kwanza, umweleze ulivaa nini na vidole vilikuwaje. Mume naye mpe kazi ya mwisho: shuka la foili utakalopewa ukivuka mstari huzuia upepo na kupunguza joto linalopotea, lakini halitengenezi joto, na nguo zilizolowa chini yake zitaendelea kukupoza. Kwenye mfuko wako wa baada ya mbio aweke fulana mbili, sweta, suruali pana inayovaliwa bila kukaza, soksi nzito na chai ya tangawizi kwenye chupa ya moto, na uvue vilivyolowa kabla ya picha, maana baridi ya baada ya mbio huanza dakika chache tu baada ya kusimama.